Kikombe cha Kuyaamsha Maji

3 Machi

Mkwe wangu, Mama Kibonge,

Nakusalimu kabla sijaketi vizuri, maana nikiketi nitasahau salamu nianze na umbea. U mzima? Mgongo wako uliokuwa ukikusumbua kwa kuinamia mafriji ya watu, umepoa? Huku sote tu wazima. Kibonge anakula, anapanda viti, na anamwita kila mwanaume mwenye kofia "baba", hata fundi viatu wa hapa kona. Mke wa fundi hapendi.

Barua hii nampa mumeo aiweke kwenye lori pamoja na mizigo yake, akupe akipita huko. Ameniuliza kuna nini ndani, nikamwambia ni mambo ya wanawake, akanywea. Najua utasema kwa nini nisikupigie simu. Simu naipenda, lakini kwenye simu wewe ni "ndiyo Mama, sawa Mama" mpaka salio linaisha, wala sijui unawaza nini. Kwenye karatasi unaongea.

Sasa habari yenyewe. Gari la idara ya maji limepita na kipaza sauti. Bomba kubwa limepasuka huko juu, maji machafu yameingia, na kila mtu anatakiwa achemshe maji ya kunywa mpaka yatokote hasa, hadi watakapotangaza tena. Majirani wakatoka milangoni wakatazamana kama wameambiwa wachemshe mawe. Fundi viatu akasema maji ya bomba hili ameyanywa tangu utoto na hajafa. Nikamwambia hajafa bado.

Basi nikajifunga kibwebwe. Nimeingia jiko moja hadi jingine kuangalia nani anachemsha na nani anapasha moto tu. Maji ya kupasha ni ya kuogea. Sasa wananiita Mkaguzi, wakidhani nitanuna, kumbe jina lenyewe nimelipenda.

Walichokuwa wakilalamikia ni ladha, kwamba maji yakishachemka yanakuwa kama yamekufa. Nikawafundisha kuyaamsha, kama nilivyokufundisha wewe ulipoolewa. Sasa wanakunywa bila kelele. Wewe soma chuo chako kwa amani. Nyumba hii ina mtu.

Mama mkwe wako


14 Machi

Mama,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekalia friji lililolazwa chali, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinicheke. Mgongo umepoa, asante kwa kuuliza. Wewe magoti yanasemaje?

Huku mambo yanaenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Msimamizi wa karakana ya chuo sasa ananiachia kazi peke yangu, ananipa friji lililokufa na kwenda zake kunywa chai. Juzi nilirudisha uhai jokofu la muuza samaki, akafurahi akataka kunipa samaki, nikamwambia aliweke kwanza lile jokofu mbali na jua. Vijana wa hapa walikuwa wakinicheka mwanzoni. Sasa wananiita wakikwama.

Mama, Baba Kibonge amenipa barua yako, kisha akiwa na chakula mdomoni akasema eti Kibonge alikuwa anaharisha siku alipoondoka. Amelisema kama anayesema mvua ilinyesha. Je, amepona? Anakunywa vizuri? Sina wasiwasi na wewe hata kidogo. Wasiwasi ni wangu mwenyewe, nilikuja nao kutoka nyumbani na sijapata pa kuutua.

Mbusu shavuni, lile nene zaidi.

Mkweo


27 Machi

Mama Kibonge,

Salamu zimfikie mtu aliye juu ya friji. Ushuke sasa, utavunja kitu cha watu. Magoti yangu yanasema yangependa kuwa ya mtu mwingine, lakini yananibeba.

Kwanza kabisa, mumeo ana mdomo usio na mlango. Nilimwambia asikutie hofu, nitakueleza mwenyewe. Ndiyo, tumbo la mtoto lilichafuka. Ni meno. Magego yanatoka, na mtoto anayeota meno huharisha, hilo halihitaji daktari. Hata hivyo nilimpeleka zahanati nisije nikasemwa. Muuguzi ni msichana tu. Akanipa paketi za chumvi na sukari za kumkorogea, halafu akaniuliza, "Bibi, nyumbani mnachemsha maji?" Mimi niulizwe hivyo. Nikamwambia aje mtaani kwetu aulize Mkaguzi ni nani. Watu wa kwenye benchi wakacheka, msichana akainamia karatasi zake.

Akakaa sawa kwa muda. Juzi tumbo limemrudia, sitakuficha. Watoto wa fundi viatu nao hivyo hivyo, na yule wa mshona mapazia. Mimi nadhani ni mapera mabichi, maana wanayachuma wote pamoja uani, na Kibonge hawezi kuona mtu akitafuna bila kunyoosha mkono. Nimeyapiga marufuku. Maji nayo sasa nayachemsha mpaka dirisha la jiko linatoka jasho. Gesi inakwenda mbio, iende tu.

Suruali zake nimezipunguza kidogo kiunoni, zilikuwa zinashuka. Nadhani zilikuwa kubwa tangu mwanzo.

Mama mkwe wako


9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi moyoni si mzima, na sitaki kukuandikia kana kwamba ni mzima.

Unasema suruali zilikuwa kubwa. Nilizinunua mimi, Mama, na siku nilipoondoka zilikuwa zinambana, nikawa namcheka akikaa chini na kifungo kikifunguka chenyewe. Nimesoma mstari ule mara nyingi. Na Baba Kibonge, nilipombana, amekubali kwamba mtoto hachezi kama zamani, anakaa tu amejiegemeza mlangoni.

Nimezungumza na msimamizi. Nikiondoka kabla ya mtihani wa Juni, nafasi yangu inapewa mwingine, na ile kazi ya vyumba baridi vya kuhifadhia vyakula niliyoahidiwa inakwenda na mwenye nafasi. Nimemwambia sawa. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua Kibonge. Tutakaa kwa dada yangu, huko hakuna tangazo la kuchemsha maji.

Usinielewe vibaya. Sisemi umekosea. Nasema mwanangu anakonda na mimi niko mbali natengeneza mafriji.

Mkweo


15 Aprili

Mama Kibonge,

Nakusalimu. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Haikubadilika.

Husemi nimekosea, lakini unakuja na begi. Begi linasema.

Sasa nakueleza ninavyofanya, ili siku ukisimulia kwa dada yako usimulie sawasawa. Nakinga maji kwenye ndoo safi. Naosha ile sufuria kubwa yenye mfuniko mzito. Nabandika jikoni, nasubiri, wala sidanganywi na mvuke. Nataka yatokote mpaka mfuniko ucheze, nayaacha yaendelee hivyo nikifagia uani. Kisha naepua, yanapoa yakiwa yamefunikwa. Namimina kwenye mtungi niliousugua mwenyewe. Naongeza kikombe cha maji ya bomba kuyaamsha, yawe na ladha ya maji na si ya sufuria, kama alivyofanya mama yangu. Nafunika tena. Hakuna mkono unaoingia mle ndani. Kata ya kuchotea ina mpini mrefu na inaning'inia kwenye msumari wake, hata Kibonge anajua haiguswi. Muulize mtu yeyote mtaani, wote sasa wanafanya hivyo hivyo, na ni mimi niliyewafundisha. Mtu anionyeshe nilipokosea hapo, nitanyoosha mikono.

Nimelea watoto wangu wote katika nyumba hii na hakuna aliyekuja kuchukuliwa na mtu mwenye begi. Ukimtaka Kibonge, sitakuzuia. Ni mwanao, mimi ni bibi tu. Lakini mtaa utasema Mkaguzi amekagua kila sufuria akashindwa na mtoto mmoja nyumbani kwake. Hilo linaniuma. Na kile kiti chake kidogo nitakachobaki nacho mezani kinaniuma zaidi; na kwa kuwa tumeambiana ukweli, basi nalo ulijue.

Mama mkwe wako


26 Aprili

Mama,

Shikamoo. Begi bado sijalifunga. Nataka kwanza nikuhadithie kitu kilichotokea karakana, halafu uniambie unakionaje.

Upande wa pili wa mji huu nao walikuwa wametangaziwa kuchemsha maji. Kuna mgahawa huko, mwenyewe ni mtu makini, anachemsha kila tone. Lakini wateja wake wakawa wanaumwa matumbo. Maskini akawa anawaingiza jikoni mmoja mmoja, anawaonyesha masufuria yake, anaapa. Wiki hii akatuletea mashine yake ya barafu, imegoma kugandisha. Msimamizi akaifungua, akafuata mpira wa maji kwa kidole, akamuuliza, "Huu unaingia wapi?" Unaingia bombani moja kwa moja. Msimamizi akamwambia barafu ni maji ya bomba yaliyovaa koti. Yule mtu akasema, "Lakini ni vipande viwili vitatu tu kwenye glasi nzima ya maji yaliyochemshwa." Msimamizi akasema vinatosha. Kilichochemshwa kimechemshwa, lakini ukikiongezea kisichochemshwa ni kama hukuwasha moto.

Tukacheka, tukamhurumia, nikarudi chumbani. Nikachemsha maji yangu kama kawaida. Yalipopoa nikachukua kikombe nikaenda kukinga bombani, ili niyaamshe. Tangu nije hapa ndivyo ninavyofanya kila siku, Mama. Wenzangu wakiniuliza naongeza nini, nawaambia naongeza nyumbani. Basi nikabaki nimekishika kikombe kile, maji yanafurika yananimwagikia, mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimeona mende.

Huku kwetu bomba ni salama, mimi sijaumwa. Lakini wewe ndiye ulinifundisha kutumia akili jikoni, kwa hiyo nisaidie kufikiri.

Mkweo


14 Mei

Mama,

Shikamoo. Baba Kibonge amefika mikono mitupu. Anasema ulimpikia, ukamfulia shati, lakini alipokuuliza barua iko wapi ukatia ulimi puani. Anasema hajawahi kuona nyumba ile kimya hivyo, akaona bora aende akalale kwenye lori.

Nilipopiga simu ulisema Kibonge hajambo, ukampa yeye, akanisimulia habari ndefu ya paka. Nilifurahi kumsikia. Lakini hajambo ni neno dogo sana, na wewe si mtu wa maneno madogo.

Siku ya kuondoka nimeisogeza mbele. Msimamizi amekubali kwa shingo upande, anataka jibu la mwisho kabla mwezi haujaisha. Kama nimekukosea, nitukane, karatasi inavumilia. Kama ulinielewa, niambie. Usininyime vyote viwili.

Mkweo


22 Mei

Mama Kibonge,

Salamu zako zote nimezipokea, na nyingine nilikuwa nimezikalia, sasa nazijibu kwa pamoja. Ni mzima. Magoti pia.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira mwandiko wangu hausomeki. Barafu. Umezunguka mji mzima na mashine ya watu ili usiniambie, "Mama, ni kile kikombe." Nilianza kusoma nikicheka, nikamwonea huruma mwenye mgahawa, nikajisemea wanaume bwana, hata mpira wa maji hajui unakotoka. Nikafika pale uliposimama bombani. Nikaikunja barua nikaiweka chini ya mtungi wenyewe, kama vile mtungi ndio ungenijibu.

Nilikukasirikia kwanza wewe. Halafu nikamkasirikia mama yangu, ambaye hayupo kujitetea, na baadaye nikamwonea huruma. Kosa si lake. Maji aliyokuwa akiyakinga yeye yalitoka safi, na kikombe chake hakikumdhuru mtu. Mimi ndiye niliyeambiwa kwa kipaza sauti kwamba maji si yale tena, nikachemsha sufuria nzima kwa mbwembwe, kisha nikarudisha uchafu kwa mkono wangu.

Nikaacha kuweka kikombe. Sikumwambia mtu, maana nilitaka kwanza nione. Mtungi niliumwaga, nikausuuza kwa maji yanayochemka, nikaanza upya. Kibonge akaonja maji yale yaliyokufa, akakunja uso kama amepewa dawa, akanirudishia kikombe. Nikamwambia anywe, bibi naye anakunywa, tukanywa wote tukiwa tumekunja uso. Tumbo likatulia. Nikangoja, nikisema leo litarudi, kesho litarudi. Halikurudi. Magego bado yanatoka, kwa taarifa yako, na haharishi.

Hapo ndipo nilipoona kazi niliyo nayo, kwa sababu niliwafundisha wote. Ningeweza kunyamaza. Nilikaa na wazo hilo asubuhi moja nzima na lilikuwa tamu. Lakini mtoto wa mshona mapazia alipita dirishani kwangu amebebwa, miguu inaning'inia, nikaona aibu ya kujificha ni nzito kuliko ya kusema.

Nikavaa gauni la kutokea. Nikaanza kwa fundi viatu, kwa kuwa ndiye mwenye ulimi mrefu kuliko wote, nikasema akishanimaliza huyu wengine watakuwa rahisi. Nikawakuta yeye na mkewe wanakula. Nikawaambia, "Nimekuja kukagua. Niliwafundisha kuongeza kikombe cha bomba kwenye maji yaliyochemshwa. Futeni. Nilikosea, na aliyewachafulia watoto wenu matumbo si mapera, ni mimi." Mke akaacha kutafuna. Fundi viatu akaweka tonge chini, nikajua inakuja. Akasema, "Kumbe hata Mkaguzi hukaguliwa. Na nani?"

Nikamwambia, "Na mkwe wangu. Anatengeneza mafriji."

Mkewe akasimama akaumwaga mtungi wao uani, akanikaribisha kwenye chakula. Nikala kidogo, nikaenda nyumba ya pili, na ya tatu, mpaka mtaa ukaisha. Wapo walionicheka. Mmoja alinifungia mlango, nikamwambia kupitia dirishani.

Na ladha nimeipatia dawa, usidhani nimenyoosha mikono kwa kila kitu. Muuza chai anapooza chai ya mteja kwa kuimimina juu chini, kikombe hadi kikombe. Nikachukua majagi mawili niliyoyaunguza kwa maji ya moto, nikawa namimina maji yaliyochemshwa kutoka hili kwenda lile, kutoka juu kabisa. Yanatoa povu kidogo, yanapata hewa, yanaamka yenyewe bila kikombe cha mtu. Nimeshawafundisha wote. Ukipita mtaani wakati wa kuandaa chakula unasikia majagi tu. Gari la matangazo bado halijarudi, nasi hatulisubiri kwa hofu.

Kibonge sasa anadai kushika jagi la chini. Analowa, anacheka, kisha ananyoosha kikombe chake mwenyewe. Jana nimefumua ile mishono ya kiunoni niliyomshonea. Kifungo kimeanza kufunguka tena akikaa.

Sasa sikiliza, maana sina mazoea ya kuomba na sitarudia. Tangu uolewe sijakuomba kitu, nimekuwa nikikuagiza tu. Leo naomba. Usiache chuo. Niachie Kibonge mpaka umalize. Kama huniamini, njoo ukague, mlango uko wazi na sufuria ziko hapo. Lakini kama unaniamini, niandikie, unishushe roho iliyo juu.

Kuhusu kile kikombe. Sikujua uliondoka nacho. Nilidhani ulikuwa unanivumilia tu.

Mama


30 Mei

Mama,

Shikamoo. Baba Kibonge ana haraka, injini inanguruma hapo nje, na anapiga honi kama mtu anayesafirisha barafu. Kwa hiyo naandika kwa ufupi.

Jana niliazima jagi la mwenzangu, nikamimina juu chini kama ulivyosema. Nusu yakaenda sakafuni. Yaliyobaki nikayanywa. Wenzangu wakaniuliza tena naongeza nini, nikawaambia safari hii siongezi kitu, na bado yana ladha ya nyumbani.

Asubuhi nimekwenda kwa msimamizi nikamwambia simwachii mtu nafasi yangu. Ameniuliza kulikoni, nikamjibu kwamba mtoto wangu yuko na mama.

Kwa lile uliloomba: ndiyo, Mama. Sawa, Mama. Safari hii unajua ninachowaza.

Mwanao